Nani Anashika Jembe la Uchumi wa Kijani?



Neno hili "uchumi wa kijani" sasa limefika hata vijijini kwetu. Twalisikia redioni, twalisikia katika mikutano ya kijiji, na watoto hulileta nyumbani kutoka shuleni. Maana yake si ngumu. Ni kutafuta riziki bila kuiharibu nchi inayotulisha: kulima pasipo kuumaliza udongo, kupika pasipo kuumaliza msitu, kupata umeme pasipo kujaza moshi angani. Wengi wetu husema, "Mambo hayo ni ya Wazungu na viwanda vyao." Wengine husema, "Ni mambo ya Serikali, sisi yatuhusu nini?"

Mimi ni karani wa parokia moja ya milimani huku Mbinga. Kabla ya hapo nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha miaka michache. Kazi yangu ni kuandika na kuhesabu, na habari hii nimeihesabu kwa kuangalia nyumbani kwetu. Nimeona kwamba mzigo wake mkubwa wanao mama zetu. Waliubeba tangu zamani kabla neno lenyewe halijazaliwa, na hata leo wanaubeba. Jambo hilo ndilo nataka kulieleza.

Kwanza tuelewane juu ya hewa ya ukaa. Kila kitu kinachoota, kiwe mti, jani au bua la mahindi, kimejengwa kwa ukaa uliotoka hewani. Kikiungua, ukaa huo hurudi hewani. Makaa ya mawe nayo ni mimea ya kale mno, iliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Kilo 12 za ukaa zikiungua hushikana na kilo 32 za oksijeni iliyo hewani, nazo huwa kilo 44 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu tani moja ya makaa ya mawe ikichomwa hutoa takriban tani 2 za hewa hiyo, ingawa hatuioni kwa macho. Hewa hiyo ikizidi, huzuia joto la nchi lisitoke, kama blanketi limfunikavyo mgonjwa wa homa. Joto likizidi, majira huvurugika. Mkulima anayengoja mvua ya kupandia hajui tena aingoje lini, na ikija huenda ikaja kwa kishindo siku moja, ikabomoa.

Nasi watu wa Mbinga tumeyakalia makaa hayo. Huko Ngaka, katika kata ya Ruanda, uchimbaji ulianza mwaka 2011. Kwanza makaa yalikwenda katika viwanda vya saruji na viwanda vingine vya hapa nchini na nchi jirani. Kisha, mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraini vilivuruga biashara ya nishati ulimwenguni. Nchi za Ulaya zilizokuwa zimeahidi kuacha makaa ya mawe zikaanza kuyatafuta hata kwetu. Malori yakashuka kwenda Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 600 kupita Songea, Tunduru na Masasi. Bandari iliyozoea korosho ikapokea milima ya makaa meusi.

Mdogo wangu ni dereva wa malori hayo. Simlaumu. Mshahara wake umelipa ada ya watoto wetu na umeezeka nyumba ya mama bati jipya. Afrika nzima, pamoja na watu wake wote, hutoa takriban sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa ya ukaa itokayo duniani. Basi mtu atakayemlaumu kijana wa Ruanda kwa kuchimba, amwulize kwanza yule anayenunua. Hata hivyo nchi yetu haikukaa kimya. Tanzania imeridhia Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, na mwaka 2021 iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 itapunguza hewa hizo kwa sehemu 30 hadi 35 katika 100, ikilinganishwa na vile ambavyo zingekuwa pasipo kufanya lolote.

Ahadi hiyo ya Serikali itatimizwa na nani? Itatimizwa mashambani na jikoni. Na ukienda mashambani na jikoni, utamkuta mwanamke.

Tuanze na shamba. Wasomaji wa mbali huenda hawaijui ngolo, kwa hiyo nitaieleza. Wamatengo waliishi katika milima yenye miteremko mikali, na katika karne ya 19, wakati wa vita vya Wangoni, walizidi kusongamana huko juu. Watu wengi katika mlima mkali hawawezi kulima ovyoovyo, maana mvua moja yaweza kuteremsha shamba zima mtoni. Basi wakawa na ngolo. Mvua za masika zikikaribia mwisho, yapata mwezi wa Februari na Machi, nyasi hufyekwa, zikaachwa zinyauke. Halafu hulazwa kwa mistari inayokatana, hata mlima wote ukaonekana kama wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila jicho la wavu, ukatupwa juu ya zile nyasi. Panapochimbwa huwa shimo, na nyasi zilizofukiwa huwa tuta. Juu ya matuta hupandwa maharage. Baada ya mavuno ya maharage, Desemba inayofuata hupandwa mahindi papo hapo. Magugu ya palizi hutupwa ndani ya mashimo yakaoza. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni yakazama polepole, udongo usiende popote.

Tazameni sasa jambo hili. Nyasi ambazo wengine huzichoma, ukaa wake ukaruka hewani kwa siku moja, sisi huzifukia. Zikioza huurutubisha udongo, na sehemu ya ukaa wake hubaki ardhini. Mwaka 1938 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Bwana Pike, aliandika habari za kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pamoja na Wajapani walikuja kukichunguza. Wote walikisifu. Nami nakisifu.

Lakini katika sifa hizo kuna neno ambalo huwa halisemwi kwa sauti. Kwa desturi yetu, mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza. Mwanamke ndiye anayechimba na kufukia. Kufyeka ni kazi ya siku chache. Kufukia ni kazi ya majuma, na mtu huifanya ameinama mlimani, mara nyingi mtoto yupo mgongoni. Kahawa, yenye fedha, ikawa ya baba. Ngolo, yenye chakula, ikawa ya mama.

Mwaka jana jambo hili lilifika nyumbani kwetu. Marehemu baba alituachia shamba la mteremko, na mama amelifukia tangu alipoolewa. Siku moja mwezi wa Februari alituita, mimi, mdogo wangu dereva aliyekuwa mapumzikoni, na mdogo wetu wa mwisho. Akasema, "Wanangu, mlima wa baba yenu nimeufukia miaka arobaini. Mgongo wangu umekwisha. Mwaka huu nyasi mtakazofyeka, mtazifukia wenyewe."

Tulinyamaza. Halafu mdogo wangu akasema, "Mama, kwa nini tujitese? Tuchome nyasi, tulime matuta ya kawaida. Siku tatu tumemaliza. Au tupande mikaratusi, baada ya miaka kadhaa tuuze nguzo."

Msidhani kwamba alisema upumbavu. Majirani wengi wamekwisha kufanya hivyo. Vijana wanakwenda kwenye makaa, kwenye bodaboda na mjini. Mikono inapungua, na ngolo yataka mikono. Mikaratusi nayo huleta fedha, ingawa ikipandwa karibu na chemchemi huyanywa maji ya kijiji kizima.

Mama akamjibu, "Choma, mwanangu. Mvua ya Januari ikija, uchukue debe ukauzoe udongo wa baba yako kule mtoni."

Akamgeukia mke wangu kana kwamba atamrithisha jembe. Lakini mke wangu alikuwa mjamzito, tena ana watoto watatu, kuku, mashamba ya mihogo, maji na kuni. Hapo nikaona wazi lililokuwa mbele yetu. Ama tulipoteze shamba, ambalo ni chakula chetu cha miaka miwili kila linapofukiwa, ama mgongo mwingine wa mwanamke uchukue mahali pa ule uliokwisha. Nikasema, "Mama, tutafukia sisi."

Basi tulishika majembe wanaume watatu. Siku ya kwanza jirani mmoja alisimama njiani akauliza kama nyumba yetu imefiwa na wanawake. Tulicheka naye, tukaendelea. Siku ya pili sikuweza kunyoosha mgongo. Mama alikuja kutuonyesha namna ya kuutupa udongo usizibe shimo la chini. Alianza baada yangu, na jua lilipokuwa kichwani nikahesabu: mashimo yake yalikuwa mengi kuliko yangu. Mdogo wangu, mtu wa kuendesha lori usiku kucha, akasema maneno nisiyoyasahau: "Kaka, kumbe kazi hii ndiyo iliyotukuza."

Hatukumaliza mlima wote. Robo ya juu ilibaki nyasi, nasi tuliiacha hivyo hivyo, hatukuichoma. Lakini maharage tulivuna, na Desemba mahindi yakaingia. Na zaidi ya hapo, yule jirani aliyetucheka alimtuma mwanawe mkubwa kumsaidia mama yake. Hakusema kitu, wala sisi hatukumwuliza.

Sasa twende jikoni. Hapa nitasema pia habari za ziwani, kwa kuwa mke wangu ni mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Siku hizi barabara ya lami ya kilomita 66 imetuunganisha na Mbamba Bay, na usipa wa asubuhi hufika Mbinga jioni. Huko ziwani wanaume huingia na mitumbwi na taa usiku. Samaki wakifika ufukoni, kazi huwa ya wanawake. Usipa huanikwa juani, lakini mbasa na magege wengi hubanikwa kwa moshi, na usipa wenyewe mvua zikija huoza usipopata moto. Kuni hizo zatoka wapi? Miti ya karibu na ziwa imekwisha kupungua, hivyo mama mkwe wangu na wenzake huupanda mlima kuzitafuta. Macho yake yamekuwa mekundu miaka mingi, naye hudhani ni uzee. Mimi nadhani ni moshi.

Serikali imeliona jambo hili. Imesema kwamba watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa sababu ya moshi wa kupikia, na kwamba hekta zaidi ya 400,000 za misitu hupotea kila mwaka. Iliagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Mwezi ule ule alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hili hili, ambako iliahidiwa kutolewa dola bilioni 2.2. Tena Wakala wa Nishati Vijijini umepeleka wilayani mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei iliyopunguzwa. Hayo yote ni mema.

Lakini ingieni katika nyumba zetu mtazame mtungi huo. Mara nyingi umekaa pembeni, umefunikwa kitambaa. Hutumika kwa chai ya mgeni, basi. Kwa nini? Kujaza mtungi sharti mtu aende Mbinga mjini au Mbamba Bay, na sharti awe na fedha mkononi. Fedha ya kahawa imo mfukoni mwa mume. Kuni zimo mgongoni mwa mke. Mume akipiga hesabu, gesi yagharimu fedha, kuni ni bure. Ndugu zangu, kuni si bure. Hulipwa kwa mgongo, kwa macho, na kwa saa ambazo binti angesoma. Nilipokuwa mwalimu niliona wasichana wakija darasani wamechelewa kwa sababu ya kuni na maji, nao wavulana wamekwisha kukaa na madaftari yao. Gharama hiyo hakuna anayeiandika katika kitabu.

Msidhani kwamba wanawake wetu hungoja kusaidiwa tu. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnesi wa Chipole, jirani zetu upande wa Songea, walijenga kituo cha umeme wa maji kwenye maporomoko ya Tulila, mto Ruvuma. Mwaka 2015 kilianza kutoa megawati 5, wakaiuzia TANESCO. Wakati ule umeme wa Songea na Mbinga ulitegemea sana majenereta ya dizeli. Waya wa gridi ya Taifa kutoka Makambako ulikuja kufika Songea mwaka 2018. Yaani kabla Taifa halijatufikishia waya, masista walikuwa wamekwisha kupunguza dizeli ya mkoa wetu kwa maji ya mto. Wanawake wakipewa mtaji na nafasi, hufanya mambo makubwa kuliko maneno ya mikutanoni.

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Huku kwetu vilio hivyo viwili vyatoka mahali pamoja, mlimani na jikoni.

Basi yatupasa tufanye nini? Nitataja mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wanaume tufukie ngolo. Tukiacha kazi hiyo iwe ya wanawake peke yao, ngolo itakufa pamoja na mama zetu, na udongo utaifuata. Kama kijana ana mshahara wa makaa na hawezi kuja, atoe fedha ya kuwalipa vibarua wafukie. Fedha iliyotokana na kuufukua ukaa Ngaka itumike kuufukia mwingine nyumbani. Mdogo wangu amekubali, na mwaka huu alituma fedha ya vibarua wanne.

Pili, bajeti ya nyumba iandikwe na wawili. Kahawa ikilipwa, fedha ya kujaza mtungi itengwe siku ile ile, kabla ya kitu kingine. Maharage yalowekwe tangu jioni, nayo yataiva upesi kwa moto mdogo. Asiye na gesi ajenge jiko banifu la udongo, lenye dohani. Hupunguza kuni na hutoa moshi nje. Matawi yanayokatwa katika mibuni nayo ni kuni nzuri, tena yapo shambani.

Tatu, ndugu wa ziwani wajenge vichanja vya kuanikia usipa. Samaki wa kichanja hukauka upesi kuliko wa mchangani, hana mchanga, hupata bei nzuri, na hahitaji hata ukuni mmoja siku ya jua.

Nne, wenyeviti wa vijiji na madiwani wetu wasimamie haki yetu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni, na huko wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vilivyotunza misitu yao vimepata fedha, wakajenga shule na zahanati. Kama msitu uliosimama waweza kulipwa, nao mteremko uliofukiwa kwa jembe wastahili kupimwa na kuhesabiwa. Siku utakapohesabiwa, jina litakaloandikwa kwanza liwe la yule aliyefukia.

Zamani Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo ukoo ulikutana, ukala na kushauriana chini ya mzee wao. Mambo ya shamba, ya ndoa na ya njaa yaliamuliwa hapo. Nashauri kila nyumba ifanye sengu yake kabla ya Februari, na safari hii mama aseme kwanza. Tumwulize amechoka wapi, na kuni zinamchukua saa ngapi. Akisha kusema, tugawane kazi, kila mtu na fungu lake, maana nyasi zikisha kufyekwa hazingoji. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mgongo mmoja haushiki mlima.